Silaha ya Mtu na Usalama wa Jirani

Serikali yo yote ina wajibu wa namna mbili, nao mara nyingine hugongana: kuwalinda wananchi wasidhuriwe, na kumlinda kila mwananchi asidhulumiwe na Serikali yenyewe. Nchini Marekani, ambako haki ya raia kuwa na silaha imo katika Katiba tangu mwaka 1791, mgongano huo umejitokeza katika sheria inayompa jaji uwezo wa kuamuru mtu anyang'anywe bunduki kwa muda kabla hajatenda kosa lo lote.

Katika jimbo la California sheria hiyo ilizaliwa na msiba. Mwezi Aprili 2014 jamaa wa kijana mmoja mkazi wa Isla Vista waliingiwa na hofu juu ya hali yake, na habari zikawafikia polisi. Askari walikwenda, wakazungumza naye mlangoni, wakamwona mtulivu, wakaondoka. Ndani mlikuwa na bastola alizozinunua kwa halali. Tarehe 23 Mei kijana huyo aliwaua watu sita, kisha akajiua.

Mwaka huo huo California ilitunga sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2016. Connecticut ilikuwa imetangulia mwaka 1999, na Indiana mwaka 2005. Hawaii, jimbo la visiwa, lilifuata tarehe 1 Januari 2020. Leo majimbo yenye sheria za namna hiyo ni zaidi ya 20, ingawa yako mengine, kama Oklahoma, yaliyozipiga marufuku.

Utaratibu wa California ni huu. Jamaa wa karibu au askari hupeleka ombi mahakamani. Tangu mwaka 2020 hata mwajiri na mwalimu waweza kufanya hivyo. Jaji akiridhika kwamba hatari iko karibu, hutoa amri ya muda usiozidi siku 21 bila ya kumsikiliza mwenye silaha. Baadaye pande zote mbili huitwa. Mwombaji asipothibitisha dai lake kwa ushahidi ulio wazi na mzito, silaha hurudishwa. Akithibitisha, amri huwa ya mwaka mmoja hadi mitano, na aliyezuiliwa anayo haki ya kuomba kila mwaka ifutwe. Anayepeleka ombi la uongo kwa makusudi huwa ametenda kosa la jinai.

Wanaoipinga sheria hii husema kwamba mtu anaadhibiwa kwa jambo ambalo hajalitenda, tena amri ya kwanza hutolewa asipokuwapo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Tarehe 5 Novemba 2018, huko Maryland, sheria ikiwa na umri wa mwezi mmoja na siku chache, polisi waligonga mlango wa mzee wa miaka 61 kabla ya mapambazuko ili kumkabidhi amri. Alitoka na bunduki mkononi. Pakatokea mvutano, na polisi wakampiga risasi akafa. Hakupata kusimama mbele ya jaji hata siku moja.

Lakini utazameni na upande wa pili. New York ilikuwa na sheria kama hiyo tangu mwaka 2019. Mwaka 2021 mwanafunzi mmoja alipelekwa kupimwa akili kwa sababu ya maneno ya vitisho aliyoyasema shuleni, wala hapana aliyekwenda kumwombea amri. Alinunua bunduki dukani, na tarehe 14 Mei 2022 akaua watu kumi mjini Buffalo. Sheria ilikuwapo, waliokosekana ni watu wa kuitumia.

Mwezi Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli ya majaji wanane dhidi ya mmoja, iliamua katika kesi ya Rahimi kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa mwenziwe aweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Kesi hiyo ilihusu amri za kuzuia ukatili wa nyumbani, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuandikiwa amri ya mahakama. Uzito wake umo katika maneno mawili: mahakama, na muda.

Sisi tunaoishi visiwani, ambako habari ya nyumba moja haikawii kufika ya pili, twazifahamu vizuri pande zote mbili. Jamaa ndiye wa kwanza kuona kwamba nduguye amebadilika. Jamaa huyo huyo ndiye aliye na kinyongo cha urithi au cha mpaka wa shamba. Ndiyo sababu neno lake latosha kumwamsha jaji, lakini halitoshi kuwa hukumu.

Kwa maoni yetu, amri ya namna hii ni ya haki ikiwa siku zake zinahesabika, na ikiwa mlango wa kusikilizwa hufunguliwa upesi kama ulivyofunguliwa mlango wa kushitaki. Afisa anayeipeleka na achague saa na lugha ya kuipeleka, kwa maana anakwenda kwa mtu asiyehukumiwa kwa kosa lo lote. Naye mwananchi anayeona ufa katika nyumba ya jirani asisubiri ukuta uanguke ndipo aseme kwamba alikuwa akijua.