Swali la Hobbes lilivyotiwa katika kompyuta

JE, watu wanaojali maslahi yao tu wanaweza kushirikiana pasipo mtawala wa kuwalazimisha? Mwanafalsafa wa Uingereza, Thomas Hobbes, alilijibu swali hilo mwaka 1651 katika kitabu chake, Leviathan. Jibu lake lilikuwa hapana: pasipo mamlaka ya kuogopwa, kila mtu huwa vitani na mwenzake.

Hoja hiyo ilibishaniwa kwa maneno kwa zaidi ya miaka 300. Robert Axelrod, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliigeuza kuwa shindano la kompyuta na kuchapisha matokeo yake mwaka 1980.

Katika shindano hilo programu mbili zilikutana mara 200. Kila mara, kila moja ilichagua kushirikiana au kusaliti bila kujua uamuzi wa mwenzake. Zikishirikiana, kila moja ilipata pointi 3; zikisalitiana, pointi 1. Moja ikisaliti na nyingine ikashirikiana, msaliti alipata 5 na mwaminifu akaambulia patupu.

Wataalamu walituma programu 14, baadhi zikiwa na hila nyingi. Iliyoshinda ni ile fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Ilianza kwa kushirikiana, kisha ikarudia tu lile ililotendewa mara iliyotangulia. Tungeweza kuiita jino kwa jino, ingawa jina hilo laficha nusu ya tabia yake, kwani wema nao iliulipa papo hapo. Katika shindano la pili, lenye programu 62, ilishinda tena.

Basi Hobbes alikosea? Tusiharakishe. Kompyuta haikuthibitisha lolote kuhusu binadamu. Ilionyesha tu yanayofuata kutokana na masharti yaliyowekwa. Axelrod aliweka sharti kwamba wahusika hukutana tena na tena, na kila mmoja huona bayana alivyotendewa. Mwenye duka na mteja wake wa kila siku wanaikaribia hali hiyo. Wageni wawili wanaopishana stendi mara moja tu hawaikaribii.

Sharti la pili likilegezwa kidogo, ushirikiano ukadhaniwa usaliti kwa bahati mbaya, programu mbili za aina ya Rapoport hulipizana kisasi kwa zamu hadi kosa jingine litokee. Mwaka 1992, Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba katika mazingira ya namna hiyo hustawi ile inayosamehe, kwa pointi hizo hizo, takriban mara moja katika kila mara tatu inaposalitiwa.