Kiwiko Kilichovunjika

Leo tunasoma habari za kiwiko.

Pale Kwihara, karibu na Tabora, ndipo alipokaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Hakuweza kuinua vizuri mkono wake wa kushoto. Simba aliuvunja mwaka 1844, na mfupa ukaunga vibaya. Alipokufa mwaka 1873, wenzake waliubeba mwili wake kwa njia ya misafara, wakapita Kwihara hata Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874, daktari aliutambua kwa mfupa ule. Miaka 29 ilipita na mkono haukuwa mzima!

Mfupa ule ulikuwa wa juu ya kiwiko. Kiwiko chenyewe ni kigumu zaidi kutengeneza. Hapo hukutana mifupa mitatu, kama bawaba ya mlango, na kando yake hupita mshipa wa fahamu. Ndio huo ukijigonga vidole hushikwa na ganzi. Mtu akianguka kutoka mwembeni au kwenye baisikeli, akajikinga kwa kiganja, kishindo hupanda hadi kiwikoni.

Daktari mpasuaji aweza kufungua nyama, avione vipande kwa macho. Lakini siku hizi, kwa mivunjiko mingine, hutoboa matundu madogo tu. Mashine ya eksirei humwonyesha mifupa katika kioo akiwa kazini. Huvirudisha vipande mahali pake, akavikaza kwa waya au skrubu. Nyama haikatwi sana, na kidonda ni kidogo. Mfupa uliosagika vipande vingi haufai kwa njia hii. Huo mara nyingi hufunguliwa. Tena kazi hii yataka mashine na fundi aliyeizoea. Haifanywi katika kila hospitali.

Faida kubwa ni hii: kiwiko hukakamaa upesi. Kikifungwa majuma mengi, mkono haufiki mdomoni, na kula ugali huwa taabu. Vipande vikikazwa imara, mgonjwa huanza mapema kukikunja na kukinyosha, kama daktari atakavyomwonyesha.

Basi ukivunjika usikandwe, wala usivutwe. Funga mkono shingoni kwa kitambaa, jinsi ulivyo, uende hospitali. Kwa watu wa Tabora mjini, Kitete. Vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi, usingoje kuche.

Mwalimu, sasa kila mwanafunzi akunje kiwiko chake, aitafute mifupa mitatu kwa vidole.