Spika za kanisani: Mzigo unaolipa, mradi ujue unachouza

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayevusha spika Namanga, Busia au Rusumo anajua kuwa mteja wake mara nyingi si mwenye ukumbi wa disko, bali ni kanisa. Sadaka za waumini hununua mixa, maiki zisizo na waya, taa za rangi, na sasa skrini kubwa nyuma ya madhabahu. Shida ni kwamba kanisa hulipa kidogo kidogo, na mzigo usiofaa huleta lawama kabla deni halijaisha.

Anza na wati. Ile namba kubwa iliyobandikwa kwenye spika nyingi za bei nafuu ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, si nguvu inayodumu ibada nzima. Tafuta namba ya RMS. Tena mweleze mzee wa kanisa kwamba kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Kanisa la mabati na sakafu ya saruji ambako mahubiri hayaeleweki, aghalabu halikosi sauti, lina mwangwi. Mapazia mazito, dari, na spika ndogo mbili katikati ya ukumbi vitafanya kazi ambayo spika moja kubwa haiwezi. Maiki ikipiga mluzi, sogezeni spika mbele ya mhubiri kabla ya kununua chochote.

Ushauri huo unalinda pesa zako pia. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya ibada. Hata mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hupita hapo! Rwanda nayo mwaka 2018 ilifunga mamia ya makanisa Kigali, kelele na ubovu wa majengo vikiwa miongoni mwa sababu. Kanisa likifungwa, nani atamalizia deni lako?

Kwenye skrini za LED, herufi P ni milimita kati ya nukta na nukta. P3 hutazamwa vizuri kuanzia mita 3 hivi. P10 ya matangazo ya barabarani ikiwekwa madhabahuni, maneno ya wimbo hugeuka vitone. Taa zinahitaji jambo moja: zisimulike macho ya waumini.

Mpakani, wengi hukwama kwenye cheti. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Spika ya China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kununuliwa Luthuli, wala ya Tanzania kwa kupita Kariakoo. Maiki zisizo na waya hutumia mawimbi ya redio, hivyo ulizia kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi unakokwenda kama masafa yake yanaruhusiwa.

Anayekodisha vyombo kwa mkutano wa injili ng'ambo ana njia nyingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru, kwa dhamana, mradi virudi. Orodhesha kila kifaa na namba yake, hata nyaya. Ziliingia spika 8, ofisa akihesabu 7 wakati wa kutoka, ushuru wa ile moja ni wako.