Pikapu mpya: lipia kiwandani kile ambacho fundi hawezi kukuwekea

Kila mwaka viazi vikikaribia kuvunwa Njombe, napokea simu za namna moja. Mfanyabiashara amepata mkopo, ameshakwenda Dar es Salaam kuyaona magari, amepiga picha, na sasa anataka fundi amthibitishie jambo alilokwisha kuliamua: dabo kebini ya fulu opsheni, yenye rimu zinazong'aa, skrini kubwa na viti vya ngozi. Huwa namuuliza, "Ndugu yangu, utapakia nini, kilo ngapi, na utapita wapi?" Wengi hunyamaza. Bei wanaijua kwa kichwa, ila mzigo wao hawajawahi kuupima.

Pikapu ya jina moja huuzwa kwa madaraja kadhaa. Ford Ranger ina XL, XLT na Wildtrak. Toyota Hilux huko Afrika Kusini, inakoundwa Durban, huuzwa kama S, SR, Raider na Legend. Nchi nyingine hutumia majina mengine. Muuzaji hukupangia madaraja hayo kama ngazi, kana kwamba kila ukipanda unapata gari bora zaidi. Mimi nayagawa vingine. Kuna vitu ambavyo vikishakosekana kiwandani havipatikani tena, au hupatikana kwa gharama isiyo na maana: injini, giaboksi, mifuko ya hewa, mfumo wa kulituliza gari lisiserereke, kufuli ya difu. Na kuna vitu ambavyo fundi yeyote mwenye spana na jioni moja atakufungia: redio, ngao, kanopi, zulia la plastiki la bodi ya nyuma, taa za ziada. Fedha yako iende kwenye kundi la kwanza. Kundi la pili lina muda wote duniani.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Ukifungua mlango wa dereva, pikapu nyingi zina kibamba kinachotaja uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa limepakia kila kitu. Tuseme kimeandikwa kilo 3,050, na gari tupu lenye mafuta lina kilo 2,100. Unabaki na kilo 950. Mwenye gari husikia "tani moja" na kufurahi. Sasa waingie watu watano wazima wa kilo 70 kila mmoja: kilo 350 zimekwenda, zimebaki 600. Umefunga ngao ya chuma ya kilo 50, winchi ya kilo 40 na kanopi ya kilo 70: zimebaki 440. Ongeza keria ya juu kilo 30 na zulia la bodi kilo 20. Umebakiwa na kilo 390. Magunia manne ya mahindi ya kilo 100 hayaenei. Saruji ni mifuko saba. Hiyo ndiyo pikapu yako ya tani moja, na bado hujampa mtu lifti.

Daraja la juu nalo lina uzito wake. Viti vya umeme, rimu pana, mapambo ya nyuma ya kebini, vyote ni kilo zinazotoka kwenye haki ya mzigo. Ndiyo maana mara nyingi gari la bei ya chini kabisa katika familia yake ndilo linaloruhusiwa kubeba zaidi. Anayetaka gari la kazi asione aibu kuchukua daraja la chini.

Umbo la kebini lina maana kuliko watu wanavyodhani. Singo kebini ina bodi ya nyuma yenye urefu wa takribani mita 2.3, dabo kebini takribani mita 1.5. Tofauti haiishii kwenye nafasi. Kwenye singo, sehemu kubwa ya mzigo hukaa mbele ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo magurudumu yote manne hugawana uzito. Kwenye dabo, watu wa kiti cha nyuma wameisukuma bodi nyuma, na mzigo mwingi huangukia juu ya ekseli au nyuma yake. Ukijaza rumbesa za viazi hadi mkiani, pua ya gari huinuka, usukani huwa mwepesi, breki za mbele hukosa uzito wa kushika. Barabara ikiwa na mashimo, kila kishindo hukunja chesisi pale nyuma ya kebini. Nimepokea karakanani dabo kebini ambazo mlango wa nyuma haufungi tena sawasawa, na mwenyewe anadhani ni bawaba. Si bawaba, chesisi imepinda. Ukiwa na familia na mzigo wa wastani, dabo ni gari zuri sana. Ukiwa na viazi, chukua singo, na kama lazima upate pa kuweka watu wawili na mikoba, tafuta ile ya kebini na nusu.

Injini ndiyo inayoleta ubishi mkubwa vijiweni. Chukua Hilux ya kizazi kilichoanza 2015. Dizeli yake ndogo ni ya lita 2.4, nguvu farasi 150. Kubwa ni ya lita 2.8, ambayo mwaka 2020 ilipandishwa hadi farasi 204. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba injini hiyo hiyo hutoa nguvu tofauti ya kuvuta kulingana na giaboksi. Ile ya 2.8 ikiwa na gia za otomatiki hutoa nyutoni-mita 500. Ikiwa na gia za mkono, 420. Ya 2.4 ni 400 kwa otomatiki na 343 kwa baadhi ya zile za gia za mkono. Kwa hiyo anayevuta tela asiikimbie otomatiki kwa kuamini kwamba gia za mkono ndizo za kazi. Imani hiyo ilikuwa sahihi zamani.

Halafu kuna Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na ile injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, ambayo wazee wa misheni na mashirika ya misaada huisifu bado. Wanaisifu kwa haki. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kuudhika, na inavumilia mafuta yaliyopita kwenye madumu matatu kabla ya kufika kwenye tangi. Lakini iko chini ya farasi 140, na kwa kuwa haina tabo, hewa nyepesi ya milimani huipunguzia pumzi: takribani asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko, karibu moja ya tano ya nguvu uliyoinunua Dar es Salaam haipo. Injini yenye tabo hujisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo hupoteza kidogo tu. Anayepanda mlima Kitonga na mzigo kila wiki ataiona tofauti hiyo bila kipimo chochote.

Upande wa pili, dizeli za kisasa zina njaa ya usafi. Nozeli zake hupuliza mafuta kwa mgandamizo unaozidi baa 2,000, na tone la maji au mchanga mwembamba linatosha kuziharibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na hilo limetusaidia sana. Tatizo letu lililobaki ni njia ambayo mafuta hupita baada ya kutoka kwenye lori: tangi chafu la kituo cha kijijini, dumu la mchuuzi, mafuta ya taa yaliyochanganywa. Kama eneo lako ni la madumu, ongeza filta ya pili inayotenganisha maji, ila uifunge kwa idhini ya maandishi ya muuzaji ili usipoteze waranti. Na uliza kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na linahitaji safari ndefu za mwendo mzuri. Gari linalozunguka sokoni na kurudi nyumbani kilomita tatu kila siku halifiki joto hilo. Kama soko lako linauza toleo lisilo na chujio, na safari zako ni fupi, chukua hilo.

Sasa niseme jambo ambalo sitalipunguza ukali. Usibane fedha kwenye usalama. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilipima magari yanayouzwa Afrika, na Nissan NP300 Hardbody, pikapu mpya iliyokuwa ikiundwa Afrika Kusini, haikupata hata nyota moja kwa ulinzi wa watu wazima. Mwaka uliofuata wakaigonganisha ana kwa ana na Navara ya mwaka 2015 iliyonunuliwa ikiwa imetumika Ulaya. Dereva wa gari la mtumba angetembea kwa miguu yake. Wa gari jipya la Afrika angekuwa katika hatari kubwa ya kufa. Hardbody haiundwi tena tangu 2021, lakini funzo la jaribio lile linabaki: neno "mpya" halikuhakikishii chochote, na nembo haikuhakikishii chochote. Toleo la daraja la chini katika nchi yetu laweza kuwa na mifuko miwili ya hewa wakati picha ya tangazo imepigwa kwenye toleo lenye saba.

Naomba sana uusisitize mfumo wa kulituliza gari lisiserereke, ule ambao Toyota huuita VSC na wengine ESC. Springi za pikapu zimepangwa kubeba tani. Gari likiwa tupu, mkia wake ni mwepesi na mgumu. Kwenye kona ya changarawe au lami yenye mvua, unarukaruka na kukimbilia mbele. Mfumo huu hupima kuteleza na kubana breki ya gurudumu moja moja kabla dereva hajajua kwamba amepoteza gari. Baada ya gari kutoka kiwandani, hakuna fundi atakayekufungia. Kama daraja la chini halina, panda daraja moja, na hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya nimwambie mtu apande.

Fowili ichukue mwenye tope. Anayeishi kwenye lami anabeba ekseli ya bure na kuilisha dizeli. Ukichukua, jua kwamba kwenye pikapu nyingi za kawaida haitakiwi kufungwa kwenye lami kavu, kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka kwa kasi moja, na mfumo wa fowili ndio huumia. Kufuli ya difu ya nyuma ina thamani: gurudumu moja likizama na kuzunguka bure, lile jingine bado linasukuma. Itake kutoka kiwandani.

Matairi hupuuzwa. Tairi la 265/65 la rimu 17 lina ukuta wa milimita 172. La 265/60 la rimu 18 lina 159. Milimita 13 ni kidogo dukani, ila kwenye jiwe la barabara ya vumbi zinatosha kuamua kama rimu itagongwa. Uliza pia tairi hilo linapatikana mji gani wa karibu nawe. Rangi chukua nyeupe. Panapokwaruzwa hupigwa rangi kwa bei ndogo. Viti vya ngozi kwenye jua la Dodoma ni adhabu. Ngao, kama utaifunga, iwe ile iliyoruhusiwa kwa gari lako, isiyovivuruga vihisi vya mifuko ya hewa, na ukumbuke kwamba watoto wanaovuka barabara kwenda shule ndio watakaokutana nayo kwanza.

Kabla hujalipa hata shilingi ya kushikia gari, mwambie muuzaji akuandikie kwenye ankara kifani mambo haya: uzito wa juu unaoruhusiwa na uzito wa gari tupu, msimbo wa aina ya injini na si lita peke yake, idadi ya mifuko ya hewa, kama mfumo wa VSC au ESC upo, kama kufuli ya difu ipo, saizi ya matairi, na masharti ya waranti kuhusu vifaa vya kuongeza. Asipokubali kuyaandika, usilipe.