Mbegu ya Mkulima ni Mali ya Nani?

Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo yapasa isomwe na kila mkulima wa Afrika Mashariki, na kila mfanyakazi ambaye wazazi wake wangali wakilima. Wakulima wadogo 15 walikuwa wameipinga sheria ya mbegu ya nchi yao mahakamani tangu mwaka 2022. Kwa sheria hiyo, mkulima aliyeuza au kubadilishana na jirani yake mbegu isiyosajiliwa aliweza kufungwa gerezani hadi miaka 2, au kutozwa faini hadi shilingi milioni moja za Kenya, au kupewa adhabu zote mbili. Mkaguzi naye alipewa mamlaka ya kuingia ghalani na kuichukua mbegu. Mahakama iliamua kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya Kenya, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Chukueni mfano wa kata ya Kenyamonta, katika nchi ya Wangoreme, wilayani Serengeti. Ng'ambo ya Mto Mara iko wilaya ya Tarime, na ng'ambo ya Tarime iko Kenya. Pande zote mbili za mpaka huo wanaishi ndugu wa damu moja, nao wanaoana, wanazikana, na wanapeana mbegu. Mtama na ulezi vilivuka huku na huko kabla Mwingereza na Mjerumani hawajachora mstari wao. Jambo linaloitwa kosa upande mmja wa mpaka haliwezi kuwa geni kwa watu wa upande wa pili.

Tena, ulezi ni zao la Afrika hasa. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nyanda za juu za Uganda na Ethiopia, ukaenea kwetu, kisha ukavuka bahari hadi Bara Hindi. Hapakuwa na kampuni wala maabara. Aliyeifanya kazi hiyo ni mkulima, na mara nyingi ni mama wa nyumba, ambaye kila mavuno aliyatenga mashuke yaliyostahimili jua na yaliyokataa ugonjwa, akayahifadhi kwa msimu wa pili. Kazi hiyo ni akili na jasho, sawa na kazi ya fundi yeyote. Lakini mtu akiuliza leo kazi hiyo imeandikwa wapi na mwenyewe ni nani, sheria za dunia hazina jibu jepesi.

Hebu tuzitazame sheria hizo. Umoja wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea, uitwao UPOV, ulizaliwa mjini Paris tarehe 2 Desemba 1961, siku 7 kabla ya bendera ya Tanganyika huru kupandishwa. Waliotunga mkataba ule walikuwa watu wa Ulaya, wakifikiria mashamba ya Ulaya na wafanya biashara ya mbegu wa huko. Tanzania ilitunga Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea mwaka 2012, na tarehe 22 Novemba 2015 ikajiunga na Umoja huo. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi wa Julai, nchi za Afrika zilizo katika shirika la ARIPO zilipitisha mjini Arusha Itifaki ya kulinda aina mpya za mimea.

Sheria ya namna hii humpa mgunduzi wa aina mpya ya mbegu haki ya pekee kwa miaka 20, na kwa miti na mizabibu miaka 25. Ili aipate haki hiyo, mbegu yake yapasa iwe mpya sokoni, iwe tofauti na nyingine, mimea yake ifanane, wala isibadilike kizazi baada ya kizazi. Sasa ipimeni kwa kipimo hicho mbegu ya ulezi ya Kenyamonta. Si mpya, kwa kuwa mababu waliilima. Mimea yake haifanani yote, na kutofanana huko ndiko kunakoiokoa: mvua ikikata mapema, ipo itakayokufa na ipo itakayozaa. Kwa hiyo sifa ile ile inayomlisha mkulima ndiyo inayomfungia nje ya mlango wa haki.

Lipo jambo jingine. Mkulima akinunua mbegu yenye haki ya mgunduzi, akavuna na kuweka akiba ya kupanda tena, sheria humruhusu kwa mipaka iliyowekwa. Lakini ruhusa hiyo inaishia kwenye shamba lake mwenyewe. Kumpa jirani debe moja bila idhini ya mwenye haki ni jambo jingine kabisa machoni pa sheria. Desturi ya vijiji vyetu ni kwamba aliyekosa mbegu huazima kwa aliye nayo, na arejeshe baada ya mavuno. Desturi hiyo ndiyo iliyotuvusha miaka ya njaa, nayo haifai ifanywe jambo la kutendwa kwa hofu.

Je, tulikuwa tumelazimishwa? La. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaohusu haki za ubunifu unazipa nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, nafasi ya kungoja hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kutekeleza sehemu yake kubwa. Na hata nchi isiyo na nafasi hiyo haikuamriwa kufuata mtindo wa UPOV. Imeachiwa itunge sheria yake inayofaa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikwisha toa mwaka 2000 sheria ya mfano iliyowaweka pamoja wagunduzi, wakulima na jamii za vijijini, kila mmoja na haki yake. Mfano huo tunao wenyewe, ila haukutumika inavyostahili.

Hatari ya mali isiyoandikwa tumekwisha iona kwa majirani. Teff ni nafaka ndogo ya Ethiopia, ndugu wa ulezi wetu kwa udogo wa punje na kwa ukongwe. Mwaka 2005 Ethiopia ilifanya mapatano na kampuni moja ya Uholanzi kuhusu nafaka hiyo. Kampuni ikapata huko Ulaya hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, juu ya namna ya kutayarisha unga wa teff. Mwaka 2009 ikafilisika, na fedha zilizofika Ethiopia zilikuwa chache mno, huku hataza ikiendelea kuwa mikononi mwa wengine. Ilipofika mwaka 2018 mahakama ya mjini The Hague ilisema hapakuwa na uvumbuzi wowote, na hataza hiyo haikuwa na nguvu katika Uholanzi. Haki ilipatikana, lakini baada ya miaka mingi, tena katika shauri ambalo mkulima wa Ethiopia hakuwa na sauti ndani yake.

Leo hatari hiyo imepata mbawa. Zamani aliyetaka mbegu yetu ilimbidi aibebe mfukoni. Sasa wataalamu wanaweza kuusoma urithi wa mmea, kuuandika kama herufi ndani ya kompyuta, na kuupeleka upande wa pili wa dunia bila punje moja kuondoka ghalani. Nchi zilizokutana Cali, Kolombia, mwaka 2024 zilikubaliana kuanzisha mfuko ambao kampuni zinazofaidi taarifa hizo zinatakiwa kuuchangia, na mfuko huo ulifunguliwa Februari 2025. Angalau nusu ya fedha imekusudiwa wenyeji asilia na jamii za mahali. Aidha, tarehe 24 Mei 2024 mjini Geneva ulipitishwa mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme amepata wapi mmea au kiumbe alichokitumia, na ni jamii gani iliyompa maarifa yake. Mkataba huo hauanzi kutumika mpaka nchi 15 ziuridhie.

Hatusemi hata kidogo kwamba mtafiti asilipwe. Aina moja ya mbegu huweza kumchukua miaka kumi ya kazi, naye ana haki ya jasho lake. Wala hatutetei mbegu bandia. Mkulima aliyeuziwa mahindi yaliyopakwa rangi yakaitwa mbegu bora ameibiwa msimu mzima, na serikali inayomkamata mwizi huyo inafanya kazi yake. Tunalolikataa ni kuwaweka katika kapu moja mwizi wa dukani na mama anayempa jirani yake kibaba cha ulezi. Sheria ya kumlinda mgunduzi wa mbegu mpya haihitaji kuifunga kamba mbegu ya zamani.

Tufanye nini basi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kijiji cha Kenyamonta kinaweza kufungua daftari la mbegu zake: jina la mbegu kwa lugha ya wenyeji, sifa zake, nani anayeilima, na inatumikaje. Kiasi cha kila mbegu kipelekwe katika benki ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Arusha, pamoja na maandishi ya ilikotoka. Daftari hilo si hataza, lakini mtu akijidai kesho kuwa amevumbua, litakuwa shahidi kwamba kitu hicho kilikuwapo.

La pili, sheria yetu inamfungulia mkulima mdogo mlango wa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora na kuziuza karibu na kwao, akisajiliwa na kukaguliwa na TOSCI. Vyama vya ushirika viingie mlango huo, na maafisa ugani wawaongoze.

La tatu ni la wabunge na la wale wanaowachagua. Sheria zetu za mbegu na zisomwe upya kwa Kiswahili chepesi, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na haki ya mkulima ya kuhifadhi, kupeana na kuuza mbegu yake ya asili iandikwe wazi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima linaitaja haki hiyo waziwazi, katika kifungu cha 19.

Mfanyakazi wa mgodi wa Nyamongo, karani wa Musoma na dereva wa Mugumu wasiseme jambo hili ni la wazee wa shamba. Unga wanaoununua mwisho wa mwezi unatoka katika mbegu hiyo. Wakulima 15 wa Kenya hawakuwa matajiri wala wanasheria. Walisimama pamoja, wakangoja miaka 3, wakasikilizwa. Sisi tuna nafasi ya kurekebisha mambo yetu kwa mashauri, kabla hajatokea mtu wa kupelekwa mbele ya hakimu kwa ajili ya kibaba cha ulezi.