Sekunde Thelathini Nyuma, Mechi Ikiendelea

Tarehe 5 Aprili 2024, mjini Pretoria, Stephane Aziz Ki wa Yanga aliachia shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Ulivuka mstari au haukuvuka? Goli halikukubaliwa, Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na ubishi haujaisha hadi leo. Anayetazama tukio kama lile kwenye simu hutaka kitu kimoja: arudishe nyuma, aone mwenyewe.

Kwa filamu iliyokwisha kuhifadhiwa hilo ni jepesi. Kwa mechi inayochezwa sasa hivi ni kazi.

Matangazo ya mtandaoni hayaji kama mkondo mmoja. Mfumo wa HLS, ambao Apple waliutoa mwaka 2009, huikata video vipande vipande, na Apple wenyewe hupendekeza kila kipande kiwe cha sekunde 6. Seva huweka pembeni orodha fupi ya maandishi yenye majina ya vipande hivyo kwa mpangilio. Simu husoma orodha, huvuta kipande, hukicheza, kisha husoma orodha tena. Kipya kikiongezwa mwishoni, cha zamani huondolewa mwanzoni. Na kikishaondolewa, simu haina tena pa kukiulizia.

Mwenye seva anaweza kuamua orodha isipunguzwe mpaka filimbi ya mwisho. Lakini anayetengeneza programu-jalizi ya Kodi, ile programu huria ya kuchezea video iliyoanzia kwenye Xbox mwaka 2002, hana amri juu ya seva ya mtu. Kinachobaki ni kifaa cha mtazamaji: kila kipande kikishachezwa kisitupwe, kitunzwe.

Njia hii ndiyo inayoifaa zaidi pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, kwa wasemaji wa Kimwani. Nchi yao inaujua mpira wa Tanzania: Luis Miquissone, Mmsumbiji, ndiye aliyewafunga Al Ahly kwenye Uwanja wa Mkapa tarehe 23 Februari 2021 akiwa na Simba. Ila bando hupimwa. Video ya kilobiti 800 kwa sekunde hula kilobaiti 600 kwa kila kipande, yaani megabaiti 540 kwa dakika 90. Kurudia sekunde 30 kwa kuvuta upya kutoka kwenye seva ni megabaiti 3 nyingine, na shabiki harudii mara moja. Simu ikitunza dakika 5 za mwisho, inatumia megabaiti 30 tu za nafasi, na marudio yote ni bure. Hata mtandao ukigoma, kama ulivyodorora Tanzania na Msumbiji nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, kilichokwisha kuingia kwenye simu hakipotei.

Kuna kikwazo kingine, na hiki kinavutia. Picha nyingi ndani ya video si picha kamili. Huandikwa tu kilichobadilika: mguu umesogea, mpira umepaa, nyasi ni zilezile. Mtazamaji akirukia katikati, simu haina pa kuanzia, hivyo hurudi kimyakimya hadi picha kamili iliyo karibu, huzipitia zinazofuata bila kuzionyesha, halafu ndipo hufungua pazia. Apple hushauri picha kamili iwekwe kila baada ya sekunde 2. Zikiwa zimeachana zaidi, kitufe cha kurudisha nyuma huonekana kizito, na lawama humwangukia mtengenezaji wa programu ilhali kosa liko kwa aliyeiandaa video.

Halafu kuna kurudi kwenye mechi. Wakati mtu anatazama marudio, programu iliyotengenezwa vizuri huendelea kuvuta vipande vipya, hivyo hakuna kitakachompita. Anaweza kurukia moja kwa moja kipande cha mwisho. Au programu iongeze mwendo mara 1.25 bila kubadili sauti ya mtangazaji: aliyebaki nyuma sekunde 30 huifikia mechi baada ya dakika 2, akiwa ameona kila pasi.