Mfupa wa Shingo Unapolisonga Koo

Mzee aliyevuka miaka sitini anaingia kliniki ya koo na bahasha ya picha ya eksirei. Uji unashuka, chai inashuka, lakini tonge la ugali au kipande cha nyama kinakwama shingoni mpaka akisukume kwa maji. Karatasi ya majibu inasema pingili za shingo zimeota mifupa. Nyumbani wameshakata shauri: mfupa ndio unaoziba. Huenda ni kweli. Mimi huwa sikubali haraka, na sababu zangu ni mbili: mifupa ya namna hii wanayo watu wengi mno, na eneo letu lina ugonjwa mwingine unaokuja na malalamiko hayohayo.

Shingo ina pingili 7. Mbele yake, karibu kabisa, limepita koo, na chini yake umio unaopeleka chakula tumboni. Kinachotenganisha mfupa na njia ya chakula ni misuli myembamba na utando tu. Umri unavyosogea, diski zilizo kati ya pingili hukauka na kupungua kimo, na mwili hujibu kwa kuongeza mfupa pembezoni mwa pingili. Mfupa ukiota kwa nyuma hubana neva, na mtu huanza kulalamika ganzi na maumivu ya mkono. Ukiota kwa mbele, unaelekea kooni. Mara nyingi hauna neno. Wapige picha wazee wasio na shida yoyote ya kumeza, na wengi utawakuta nao.

Ili mfupa ulete taabu, kwa kawaida lazima uwe mkubwa, au uwe mahali pabaya. Na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Tunapomeza, zoloto, lile fundo linaloonekana likipanda na kushuka shingoni mwa mwanamume, huvutwa juu na mbele. Wakati huohuo kifuniko kilicho juu yake hulala kwa nyuma na kuufunga mlango wa hewa, chakula kipite. Yote hayo hutimia ndani ya muda usiozidi sekunde moja hivi. Mfupa uliotokeza kwenye pingili ya 3 au ya 4 hukinyima kifuniko nafasi ya kulala. Mlango unabaki wazi kidogo, na mtu anapaliwa, hata kwa maji. Anakohoa kila mlo, na wengine hupata nimonia za kurudiarudia zisizoeleweka chanzo chake. Chini zaidi, usawa wa pingili ya 6, ndipo umio unapoanzia, nyuma ya gegedu ngumu ya zoloto. Pale umio hauna pa kukwepea, kwa hiyo hata mfupa wa wastani unaweza kuzuia tonge kavu. Sauti nayo inaweza kukwaruza. Mara chache sana pumzi yenyewe hubanwa, hasa koo linapovimba kwa mafua makali au baada ya jeraha.

Mifupa mikubwa kupita kiasi mara nyingi ni ya ugonjwa wa Forestier. Mwaka 1950 Jacques Forestier wa Ufaransa na Jaume Rotés-Querol wa Hispania waliueleza kama ugonjwa wa wazee ambao uti wa mgongo unakakamaa. Kano ndefu inayopita mbele ya pingili hugeuka mfupa, na kwenye picha huonekana kama nta iliyotiririka ubavuni mwa mshumaa. Vigezo vilivyowekwa mwaka 1976 na Donald Resnick na Gen Niwayama vinataka mfupa huo uunganishe angalau pingili 4 zinazofuatana, huku diski zikiwa hazijachakaa sana. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na huambatana na unene na kisukari cha aina ya pili. Kwa jinsi vitambi na sukari vinavyoongezeka mijini kwetu, natarajia tutauona zaidi.

Sasa ule ugonjwa mwingine. Afrika Mashariki imo katika ukanda wa saratani ya umio. Madaktari wa magharibi mwa Kenya na wa Kilimanjaro wanaijua vizuri mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Mfupa hukwamisha chakula polepole, kwa miaka. Saratani huenda mbio: miezi michache, kwanza nyama, kisha wali, kisha uji, na nguo zinaanza kupwaya. Hata hivyo maelezo ya mgonjwa hayatoshi kuamua. Mtu anaweza kuwa na mfupa na uvimbe kwa pamoja, na picha ya shingo ikaonyesha mfupa peke yake.

Ndiyo maana napenda mgonjwa ameze dawa nyeupe ya bariamu huku akipigwa picha za mfululizo. Tunaona tonge linasimama wapi na kifuniko kinalala au hakilali. Kisha tunaingiza kamera kutazama umio wote. Anayeiingiza aelezwe kuhusu mfupa mapema, kwa sababu kusukuma kwa nguvu mahali pale kunaweza kuutoboa ukuta wa umio.

Ikithibitika ni mfupa, wengi hawahitaji kisu. Matonge madogo, mchuzi wa kutosha, kula ukiwa umekaa wima. Wengine husaidika kwa kuinamisha kidevu wakati wa kumeza, ila picha za bariamu ndizo ziamue. Dawa za kutuliza uvimbe husaidia kwa muda, lakini mwenye kisukari au figo dhaifu asizinunue mwenyewe duka la dawa. Kuchua hakuyeyushi mfupa. Na yule kinyozi anayezungusha shingo mpaka ilie, mwenye ugonjwa wa Forestier amkimbie: uti uliokakamaa huvunjika kwa nguvu ndogo.

Upasuaji huja pale mgonjwa anapokonda au anapopaliwa mara kwa mara. Daktari hupasua mbele ya shingo, akasogeza koo kando na kuusaga mfupa. Kumeza kunaweza kuchukua wiki kadhaa kutengemaa, sauti inaweza kukwaruza kwa kuwa neva yake iko jirani, na mfupa unaweza kuota tena polepole baada ya miaka. Hata asiyefanyiwa upasuaji huo aitunze picha yake. Akienda kupasuliwa ngiri au tezi dume, amwonyeshe daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe, maana mpira wa kupumulia hupita mbele ya mfupa huohuo, na shingo isiyokunjika humlazimu daktari kuandaa vifaa vingine.